Kuvumiliwa si kukubaliwa: historia ya kitambulisho Kaskazini Mashariki

Mmezoea kunisoma hapa nikizungumzia programu, seva na simu. Leo naomba mnivumilie, maana naingia kwenye historia. Msiogope, kompyuta zitafika, ila zitachelewa kidogo. Kwanza tutapita kwenye karatasi, wino, vidole na foleni za juani.

Sababu ya kuandika ni hii. Wenzangu kazini huniuliza kwa nini watu wa kwetu Garissa, wakivuka daraja la mto Tana kwenda Nairobi, husema wanaenda "Kenya". Wengine hudhani ni utani. Wengine hudhani ni ushahidi kwamba hatukuwahi kujihesabu Wakenya. Mimi nadhani ni kumbukumbu. Maneno hayo yana historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo inahusu kitu ambacho sisi waandishi wa programu tunakifahamu sana: namna ya kumtambua mtu mlangoni.

Niieleze kwa lugha ya kazi yangu. Mfumo unaweza kumruhusu mtu kuingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza, unamsajili, unahakiki mara moja, unaandika kwenye hifadhidata kwamba huyu ni mwenyeji, basi. Kesho akija unamtambua. Njia ya pili, unamruhusu apite leo lakini huandiki popote kwamba umeridhika. Kesho akija unamuuliza tena. Mlango wa pili unamuuliza, wa tatu pia. Huyu wa pili hajafukuzwa. Yumo ndani, anakula, analipa kodi, anapiga kura. Lakini yumo kwa hisani, na hisani huondolewa bila taarifa.

Huo ndio ufafanuzi wangu wa tofauti ya kukubaliwa na kuvumiliwa. Aliyekubaliwa huulizwa mara moja. Anayevumiliwa huulizwa kila siku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ukarimu wa kweli una mwisho, na mwisho wake ni mgeni kuwa mwenyeji mwenye kazi na haki shambani. Sasa tazameni Wasomali wa Kenya: zaidi ya miaka 60 ya uhuru, jembe wanalo na shamba wanalilima, lakini bado wanaulizwa walifika lini.

Kipande kusini, mstari kaskazini

Tuanze na Waingereza. Mwaka 1915 walipitisha sheria ya kusajili Waafrika wanaume wa miaka 16 na zaidi, na baada ya vita kuu ya kwanza, kuanzia 1919 na 1920, wakaanza kuitekeleza. Hiki ndicho kipande ambacho babu zetu walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kilikuwa na jina, kabila, mwajiri na alama za vidole. Teknolojia ya vidole ilikuwa mpya wakati huo. Polisi wa London walikuwa wameanza kuitumia mwaka 1901, wakifuata mfumo uliotengenezwa Bengal, India, ambako Azizul Haque na Hem Chandra Bose walifanya sehemu kubwa ya hesabu yake ingawa mfumo ukapewa jina la mkubwa wao, Edward Henry. Kwa hiyo alama za vidole ziliingia Kenya kama chombo cha kumfuata mfanyakazi asitoroke. Mwaka 1947 ilipotungwa sheria ya kusajili watu wa rangi zote, walowezi wa Kizungu walipiga kelele sana. Walisema kuchukuliwa vidole ni jambo la wahalifu. Mwafrika alikuwa amefanyiwa hivyo kwa karibu miaka 30.

Kaskazini mambo yalikuwa tofauti. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD, ilikuwa eneo lililofungwa tangu miaka ya 1920. Kuingia au kutoka ulihitaji kibali maalumu, na sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 ilimpa mkuu wa wilaya mamlaka makubwa juu ya watu na mifugo yao. Humo ndani kulichorwa mstari wa kuwatenga Wasomali na Waborana, wafugaji wa pande mbili wasivuke kufuata malisho. Kusini mtu alifungwa kwa kipande, kaskazini akafungwa kwa mstari kwenye ramani. Kwa hiyo wazo kwamba mto Tana ni mpaka wa nchi mbili halikubuniwa na bibi zetu kwenye basi. Serikali ndiyo iliyolianzisha, na ikalilinda kwa askari.

Kuna kipengele ambacho sisi wenyewe hatupendi kukitaja. Baadhi ya Wasomali wa mijini, hasa Waisaaq na Waherti waliokuja kama askari na wafanyabiashara, walipigania kutohesabiwa kuwa wenyeji wa Afrika. Sheria ya mwaka 1919 iliwapa msamaha fulani katika baadhi ya mambo. Katika miaka ya 1930 Waisaaq walifika mahali pa kudai walipe kodi kubwa zaidi, ile ya Waasia, ili watambuliwe kuwa Waasia. Hebu fikirieni: watu wanagombana na serikali ili walipe zaidi! Lakini kwa mantiki ya ukoloni haukuwa wazimu. Mwenye daraja la juu hakuvaa kipande na hakuzuiwa kutembea. Walikuwa wanatafuta mlango usio na maswali. Bahati mbaya ni kwamba uhuru ulipofika, maneno hayo hayo yaligeuzwa: si mlisema wenyewe kwamba ninyi si wa hapa?

Swali lililoulizwa mwaka 1962

Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mmoja kutoka Nigeria na mwingine kutoka Kanada, kuuliza watu wa NFD wanataka nini Kenya ikipata uhuru. Jibu lilikuwa wazi. Katika maeneo ya Wasomali walio wengi walitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia, iliyokuwa imepata uhuru mwaka 1960. Waliulizwa, wakajibu, kisha Machi 1963 London ikaamua vingine: kutakuwa na mkoa wa saba wa Kaskazini Mashariki, ndani ya Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Watu wa mkoa mpya wengi wakasusia uchaguzi wa Mei 1963.

Juni mwaka huo huo mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, na chifu Haji Galma Dido waliuawa kwa risasi. Kenya ikawa huru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla ya mwezi kwisha hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki. Hivyo ndivyo vita ambavyo serikali iliviita vya shifta vilivyoanza. Shifta ni jambazi. Jina lenyewe ni uamuzi: ukimwita mtu jambazi huhitaji kujibu alichokisema mbele ya tume.

Serikali ya Kenyatta haikuwa na hofu ya bure, na lazima nilitaje hili kwa haki. Bendera ya Somalia ilikuwa na nyota ya pembe tano, na pembe moja ilisimamia NFD. Silaha zilitoka ng'ambo ya mpaka, na mabomu ya ardhini yaliua askari na raia. Nchi changa iliyoona jirani akidai robo hivi ya ardhi yake isingekaa kimya. Lakini njia iliyochaguliwa haikutofautisha mpiganaji na mfugaji. Kuanzia 1966 watu walikusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi na mifugo ikachukuliwa au kuuawa. Mfugaji asiye na ngamia hana benki nyingine. Oktoba 1967, kwa usuluhishi wa Rais Kaunda wa Zambia, Kenya na Somalia zilipatana Arusha na vita vikapoa.

Vita viliisha, lakini hali ya hatari haikuisha. Iliendelea hadi mwishoni mwa mwaka 1991. Yaani mtoto aliyezaliwa Garissa siku ya uhuru alifikisha karibu miaka 28 akiishi chini ya sheria tofauti na mwenzake wa Nyeri au Kakamega. Na mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kaskazini wakati wa vita. Kwa lugha yetu ya programu, serikali ilifunga daftari la makosa yake, na kuacha wazi daftari la kumshuku raia.

Kadi ya rangi ya waridi

Novemba 1980, baada ya watumishi wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto na wakazi wa mji wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi, siku kadhaa, bila chakula wala maji ya kutosha. Garissa wazee wanahesabu miaka kwa tukio hilo. Februari 1984 zamu ilikuwa ya Wajir. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla katika operesheni ya kutafuta silaha. Kwa muda mrefu serikali ilikiri vifo 57. Makadirio mengine yanafika karibu 1,000. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililichunguza suala hilo, na ripoti yake ya mwaka 2013 haikuacha shaka kwamba yalikuwa mauaji ya raia.

Angalieni jinsi watu walivyochaguliwa Wagalla. Kigezo kilikuwa ukoo. Hakuna aliyeuliza nani alifanya nini. Kigezo hicho ndicho kilichoandikwa kwenye kadi miaka mitano baadaye.

Mwaka 1989 Kenya ilikuwa na wasiwasi mwingi. Somalia ilikuwa inabomoka kwa vita vya ndani na wakimbizi walikuwa wanavuka. Majangili walikuwa wanamaliza tembo, na Julai mwaka huo Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mbele ya kamera za dunia. Agosti, George Adamson, yule mzee wa simba, aliuawa na majambazi huko Kora, si mbali na Garissa. Magazeti yaliandika neno Msomali karibu kila mara yalipoandika neno jangili. Novemba serikali ikatangaza kwamba Wasomali wote wa Kenya waliofikisha umri wa mtu mzima wajitokeze kupigwa msasa. Msingi wa kisheria ulikuwa Sheria ya Usajili wa Watu, inayomruhusu msajili kudai ushahidi zaidi kutoka kwa mtu. Mara hii mtu alikuwa kabila zima.

Utaratibu ulikuwa hivi. Unaenda mbele ya kamati yenye maofisa na wazee. Unataja ukoo wako, ukoo mdogo, na mdogo zaidi. Unataja baba, babu, kisima cha familia, chifu aliyewajua. Wazee wakikutambua, unapewa kadi ya rangi ya waridi inayothibitisha kwamba umepita. Wakikukataa, kitambulisho ulichokuwa nacho kinaweza kuchukuliwa, na wengine walisukumwa mpakani kuingia nchi ambayo hawakuwahi kuishi. Walioipata kadi walilazimika kuitunza pamoja na kitambulisho. Kwa miaka mingi baadaye ofisi ziliendelea kuidai kwa mtu aliyetaka pasipoti, au kwa mtoto wake aliyetaka kitambulisho.

Sasa fikirieni kama mwandishi wa programu. Raia tayari anacho kitambulisho cha serikali. Serikali inasema kitambulisho chake yenyewe hakiaminiki mikononi mwa kabila hili, kwa hiyo inatoa kadi ya kukithibitisha kitambulisho. Tatizo la rushwa katika ofisi ya usajili, ambalo lilikuwepo kweli, halikurekebishwa ofisini. Lilibebeshwa mwenye kadi.

Na kamati za wazee nazo zilikuwa na yake. Mtu wa ukoo mdogo, mjane aliyeolewa mbali, aliyegombana na mzee kuhusu kisima, hao wote walijikuta mbele ya watu wenye uwezo wa kusema "hatumjui". Uchungu wa kuvumiliwa hauishii kwa serikali dhidi ya raia. Aliyevumiliwa hupewa mamlaka ya kuwavumilia wengine, na mara nyingi huyatumia.

Sifa ya mmoja, shaka ya wote

Hapa ndipo historia yetu inachanganya watu wa nje. Wanasema: mbona mna wakubwa serikalini? Ni kweli, tunao. Agosti 1, 1982, sehemu ya jeshi la anga ilipojaribu kupindua serikali, aliyeongoza askari watiifu kuikomboa redio ya Sauti ya Kenya alikuwa Mahmoud Mohamed, Msomali wa Garissa. Mwaka 1983 ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, akawa Msomali wa kwanza kuingia baraza la mawaziri. Mahmoud mwenyewe alikuwa mkuu wa majeshi yote kuanzia 1986 hadi 1996. Soma tena miaka hiyo. Kadi ya waridi ilitolewa 1989. Yaani kabila la mkuu wa majeshi ya Kenya lilikuwa linapanga foleni kuthibitisha kwamba ni la Kenya.

Yakajirudia. Yusuf Haji wa Ijara alikuwa waziri wa ulinzi kuanzia 2008 hadi 2013. Septemba 2013 magaidi waliposhambulia Westgate na kuua watu 67, mwanawe, Abdul Haji, aliingia humo na bastola kuokoa watu, na picha yake ikazunguka dunia. Nchi nzima ikamsifu. Aprili 2014, miezi saba tu baadaye, msako ulifanywa Eastleigh, maelfu wakakamatwa, na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani wakihakikiwa vitambulisho. Mwaka 2022 Aden Duale wa Garissa naye akawa waziri wa ulinzi. Na Garissa watoto wa miaka 18 walikuwa bado wanakaa mbele ya kamati.

Somo ninaloliona ni hili. Kwa anayevumiliwa, sifa ni ya mtu mmoja na shaka ni ya wote. Shujaa akitokea, ni yeye binafsi, "si kama wengine". Mhalifu akitokea, ni ukoo mzima. Kwa aliyekubaliwa ni kinyume: mhalifu ni mtu binafsi na shujaa ni fahari ya wote. Kipimo hiki unaweza kukitumia kwenye kundi lolote, hata ofisini kwako.

Sisemi haya kwa kusahau maumivu ya wengine. Aprili 2, 2015 magaidi wa Al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliotoka pande zote za Kenya, wakiwatenga Wakristo. Walimu wa kutoka kusini walikimbia, na nani angewalaumu? Walikuja kufundisha watoto wetu, nao wakageuzwa wageni wanaowindwa. Mtu aliyewahi kuulizwa dini yake kabla ya risasi anajua kuchambuliwa ni nini kuliko mimi. Ndiyo maana tukio la Desemba 2015, karibu na Mandera, lina uzito kwangu. Basi lilitekwa, abiria wakaambiwa wajitenge Waislamu na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko na akafariki Januari 2016. Wale abiria hawakuomba kuona kitambulisho cha mtu yeyote. Kukubaliwa kulitokea ndani ya basi, katika dakika chache, bila ofisi wala kadi.

Vidole vya Dadaab

Sasa kompyuta zimefika. Kambi za Dadaab, katika kaunti ya Garissa, zilianzishwa 1991 na 1992 kwa ajili ya watu wapatao 90,000. Kufikia miaka ya ukame na njaa ya 2011 na 2012 zilikuwa na zaidi ya 460,000. Nje ya uzio waliishi wafugaji Wakenya ambao ukame uliwaua mifugo vile vile. Tofauti ni kwamba ndani ya kambi kulikuwa na mahindi, mafuta, hospitali na shule. Mama Mkenya mwenye watoto wanne na mbuzi wawili waliobaki alifanya hesabu ambayo mama yeyote angeifanya: alijiandikisha kama mkimbizi ili watoto wale.

Kisha usajili wa wakimbizi ukaanza kuchukua alama za vidole, zikiwemo za watoto. Data ikafika mikononi mwa serikali. Watoto wakakua. Wakifika miaka 18 wanaenda kuomba kitambulisho cha Kenya, wanaweka kidole, mashine inajibu: huyu ni mkimbizi. Mwisho wa mazungumzo. Haki na Sheria, shirika la Garissa linalowasaidia watu hawa, limekadiria kwamba walionaswa hivi ni kama 40,000.

Wasomaji wenzangu wa fani, angalieni kosa liko wapi. Mashine haikukosea. Mashine ya vidole inajibu swali moja tu: je, kidole hiki ndicho kile? Ikasema ndiyo, na ni kweli. Haikuulizwa kama mtu huyu ni mkimbizi, wala haina uwezo wa kujua. Rekodi iliyoandikwa kumpa mtoto unga ilisomwa na ofisi nyingine kama ushahidi wa uraia wake. Jedwali lilitengenezwa kwa kazi moja, likatumika kwa kazi nyingine, na hakuna aliyeandika njia ya kusahihisha. Karatasi ya zamani ilipotea, ililiwa na mchwa, karani alistaafu. Hifadhidata haistaafu.

Na matokeo yake ni ya kila saa. Kenya bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako. Bila laini huna M-Pesa, na tangu 2007 pesa za nchi hii zinatembea humo. Huingii jengo la serikali, hufungui akaunti, hupigi kura, hupandi basi la Garissa kwenda Nairobi bila kushushwa kwenye vizuizi. Nina jamaa wa rika langu aliyekaa hivyo tangu tulipomaliza shule ya upili. Mtihani wa mwisho alinishinda hesabu. Leo mimi naandika programu na yeye anabeba mizigo sokoni, akilipwa mkononi, kwa sababu kidole chake kilikula unga mwaka mmoja wa njaa.

Mimi nilipita njia ya kawaida ya kwetu. Kamati ya wazee iliniuliza babu wa babu yangu ni nani na alikuwa anakunywa kisima gani. Nilijua, maana nyumbani tunafundishwa nasaba kama wengine wanavyofundishwa jedwali la kuzidisha. Chuoni nilipowasimulia wenzangu wa kutoka kusini walicheka wakidhani natia chumvi. Wao walipeleka cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, wakasubiri, wakapewa. Mwaka huo huo, nchi ile ile.

Mfumo mpya, swali la zamani

Mwaka 2019 tuliambiwa teknolojia itamaliza haya. Huduma Namba ilikuja, mamilioni wakapanga foleni. Wanubi wa Kibra, ambao walikuwa wanapigwa msasa kama sisi ingawa mababu zao waliletwa na jeshi la Mwingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita, walienda mahakamani pamoja na watetezi wengine. Hoja yao ilikuwa rahisi: ukijenga mfumo mpya juu ya usajili wenye ubaguzi, ubaguzi utaingia kwenye mfumo, na sasa utakuwa na kasi. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS, na ikadai sheria madhubuti kabla ya mfumo kuendelea. Oktoba 2021 ikaona utoaji wa kadi ulikiuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Serikali iliyofuata ikaja na Maisha Namba mwaka 2023.

Kuhusu wale wa Dadaab, mwaka 2019 kulifanyika zoezi la kuwakagua Garissa na Wajir, watu zaidi ya 14,000 wakajitokeza, kisha wakangoja miaka kabla ya majina kuanza kufutwa kwenye orodha ya wakimbizi. Na Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini tangazo la kuondoa upigaji msasa maalumu kwa jamii za mpakani. Watu walishangilia sana. Kelele za kupinga nazo zilianza siku hiyo hiyo: mpaka utavamiwa, kura zitaongezwa. Sikushangaa furaha wala kelele. Vyote viwili vinaonyesha kwamba bado tunaongea kuhusu ruhusa inayotolewa na mkubwa na inayoweza kurudishwa na mkubwa mwingine.

Neno lenyewe, msasa, mnalijua. Fundi hupiga ubao msasa ili uwe laini, mara moja, kisha hupaka rangi na kuuweka mahali pake kwenye nyumba. Ubao unaopigwa msasa kila siku hauzidi kuwa laini. Unakonda, mwishowe unavunjika, na fundi anasema mti wenyewe ulikuwa mbovu.

Kwa ninyi mnaojenga mifumo, iwe ya benki, shule au kaunti, nina ombi la kikazi tu. Kila mnapoongeza hatua ya uhakiki, ulizeni mambo matatu. Je, inamhusu kila mtu, au aina fulani ya majina? Je, mtu akishapita, mfumo unakumbuka kwamba amepita? Na ikiwa rekodi imekosewa, nani ana kitufe cha kuisahihisha, na raia atamfikia vipi? Kama hamna jibu la swali la tatu, msizindue. Kuna kijana Garissa atakayelipa gharama yake kwa miaka kumi.

Wiki ijayo tutarudi kwenye mambo yetu ya kawaida, nimeahidi makala kuhusu kuhifadhi nakala za data. Lakini kwanza nataka kusikia kutoka kwenu, hasa mlioko Pwani, Busia, Moyale na hata ng'ambo: ni wapi mliwahi kuruhusiwa kuingia bila kukubaliwa, na ni kitu gani kilichowaonyesha tofauti?